Siku Nilipolivua Zizi Nguo

Nilipokuwa mtoto, zizi la mbuzi wetu pale Garissa lilikuwa na sakafu nene ya samadi iliyoshindiliwa na kwato miaka na miaka, na hakuna aliyeruhusiwa kuikwangua ikaisha. Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na kauli moja: zizi halivuliwi nguo. Siku udongo ukionekana, alisema, baraka itatoka kwa mlango uleule wa mbuzi, na mbuzi wataifuata. Wale mbuzi ndio waliotubakia baada ya ukame, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kisha akaja bwana shamba, mtu wa bara, akawafundisha akina mama wa mtaa wetu kutengeneza mboji ya bustani zao za kando ya Tana. Nyasi kavu, samadi, jivu kidogo, maji, kisha magunia juu. Hooyo, mama yangu, alilishika somo kuliko wote. Baada ya wiki moja alichomeka kijiti ndani ya rundo, akakichomoa na kukishika, akaruka, akapiga kelele kwa ule ulimi wake usioiweza "p":

"Bwana shamba, hii kitu imebata homa!"

Yule bwana alicheka. "Huo moto ndio dawa, mama. Unaua mbegu za magugu. Ila rundo ni dogo. Ongeza samadi, uligeuze."

Ayeeyo hakucheka. Samadi ni chakula cha mifugo ya majini, wale viumbe wasioonekana, alisema, na sasa mmewawashia jiko. Hata hivyo alimruhusu Hooyo kuchukua ya juujuu tu.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, kiherehere tele. Asubuhi moja, mbuzi wakiwa malishoni na Ayeeyo amekwenda msibani, nilichukua jembe nimfurahishe mama. Samadi ya chini ilikuwa nyeusi na laini. Nikachimba, nikachimba, hadi udongo mwekundu ukatokea, upana wa mkeka. Niliogopa sana. Nikatawanya takataka juu yake, nikanyamaza.

Haukupita muda mvua ikaja, ile isiyojua kukoma. Pale nilipochimba pakawa dimbwi. Mbuzi wakaanza kutupa mimba, kisha wakafa, damu ikiwatoka puani. Ayeeyo aliingia zizini miguu mitupu, akapapasa yale maji kwa fimbo, akajua.

"Nani amelivua zizi langu?"

Hooyo alinitazama. Sijui alijuaje. "Ni mimi, Ayeeyo," akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kufungua mdomo, na sikufungua.

Tangu siku hiyo Ayeeyo hakula chakula kilichopikwa na Hooyo. Mbuzi waliisha wote. Maji yalipopungua, mboji ilikuwa imeiva, ikinukia udongo uliolowa, na ndiyo iliyotupa kunde na nyanya zilizotuvusha. Ayeeyo hakuzionja. Aliishi kwa mikate ya anjera na chai ya jirani, akakonda, akafa bila kumpa mkwewe radhi. Hooyo aliomba mara tatu kando ya kitanda. Mara zote tatu Ayeeyo aligeukia ukutani.

Leo najua ugonjwa ule uliua mbuzi hata wa watu ambao hawakuwahi kugusa samadi yao. Najua pia kwamba Ayeeyo hakuwa mjinga: sakafu ile ndiyo iliyokuwa ikiwainua mbuzi juu ya maji. Nimeyasema haya kwa watu wengi, kwa ufasaha kabisa. Kinachonichoma mimi si mbuzi.

Majuzi nilimkuta Hooyo, mzee sasa, akigeuza rundo lake kwa uma. Nikajikaza, nikamuuliza kwa nini alinikinga siku ile.

Hakuacha kazi. "Nilikukinga siku moja tu," akasema. "Siku nyingine zote nilikuwa nakungoja useme."