Picha Moja Kwenye Mkanda

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Karakanani aliitwa Redio, na hata mwenye karakana alipotaka kumkaripia kwa kuchelewesha kola alisema, "Redio, leo betri zimekwisha?" Naye hakukasirika. Jina la kupachikwa ukilikasirikia ndio limeganda.

Karakana ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Walishona sare za walinzi, za wauguzi, za watoto wa shule. Asubuhi cherehani zilinguruma hadi mtu asisikie hata mawazo yake. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa zamu ya kazi za mkono: vifungo, pindo, nembo za mifukoni. Hapo cherehani zilizimwa, Redio akavuta kiti chake katikati, akafungua kitabu na kuwasomea. Desturi yao ilikuwa hiyo: anayesoma hashoni, na wanaosikiliza wanagawana kazi yake.

Mama yake mzazi alikaa karibu na dirisha, akishona vifungo. Ndiye aliyemleta pale, mwaka ule baba alipofariki na shule ikaishia njiani. Binti alikuja kilio hakijakauka, hajui hata kushika mkasi, na kazi ya kwanza aliyopewa na mama ilikuwa kumtilia uzi kwenye sindano. "Macho yangu ya karibu yamekwisha," mama alimwambia. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajavua hata kilemba, Redio alimtilia mama uzi kwenye sindano zote na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo wa pamba. Miwani alimnunulia, na si mara moja. Mama alisema inambana pua. Ungemshauri nini mtu ambaye pua yake imekataa?

Kitabu walichokuwa wakisoma msimu huo kiliwashika vibaya. Kilimhusu mhasibu mmoja, mke wa mtu, mama wa watoto wakubwa, aliyeingia kwenye studio kuukuu kupiga picha ya pasipoti. Taa ikamulika, fyatu, na alipofumbua macho alijikuta miaka ya ujana wake, nje kunapigwa muziki wa santuri, na mlangoni amesimama kijana aliyempenda kabla hajaolewa, na suruali yake pana chini. Njia ya kurudi ilikuwa moja tu: kupigwa picha tena kwa kamera ileile. Na kwenye mkanda ilikuwa imebaki picha moja.

Basi ilikuwa kama kila mtu kapewa tiketi ya kwenda alikotaka. Mkasi, mkata vitambaa, mwanamume pekee katika chumba kile, alisema yeye angerudi kununua viwanja vyote vya barabara kuu kabla havijapanda bei. Mapenzi angeyakuta hukohuko. Mama Pasi, ambaye kazi yake ilieleweka kwa jina, hakutaka kusikia.

"Mwanamke ana mume, ana watoto, anakaa kucheza dansi na vijana! Chakula nyumbani anapika nani?"

"Mama Pasi, huko alikoenda hajaolewa bado," Mkasi alimjibu. "Sasa anamkosea mume yupi?"

"Kichwani mwake kaolewa! Au kichwa alikiacha studio?"

Walicheka, lakini Mama Pasi hakucheka. Na siku mhasibu yule alipomkuta mama yake mzazi akiwa hai, kijana, anafua nguo uani, ni Mama Pasi huyohuyo aliyeuacha upande wa shati chini ya pasi hadi moshi ukatoka. Mwenye karakana alipanda akifoka. Hakuna aliyemsikia.

Mama wa Redio peke yake hakusema lolote, na kunyamaza kwake ndiko kulikomnyima binti raha. Kwani mama naye alikuwa na kijana wake wa zamani. Sasa hakuwa kijana tena. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mjane, mwenye goti bovu, anayeishi mji wa mbali. Zamani hizo wazee walikataa asimwoe. Mwaka huu alijitokeza, akakaa sebuleni kwao na kofia yake mapajani, akamposa mama mbele ya Redio bila kuzunguka mbuyu. Mama alicheka kidogo na kumwambia, "Subiri kwanza tumalize kitabu."

Mzee aliichukulia kama mzaha. Redio aliichukulia kama hukumu. Walikuwa wakiishi wawili, mama na bintiye, vyumba viwili na jiko, na hakuweza kuiona nyumba ile bila kikohozi cha mama cha alfajiri. Akajiambia anamhurumia mama. Nani atampikia uji huko? Nani atamtilia uzi?

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alisoma mbele, peke yake, nyumbani. Akakuta mhasibu anaifungua kamera, anauvuta mkanda nje kwenye jua uungue, na kubaki hukohuko na kijana wake. Redio alikifunga kitabu.

Siku ya kumalizia, kina Mkasi waliacha hata kugombania chai. Redio alisoma vizuri hadi pale mhasibu anaposhika kamera. Kisha macho yakabaki kwenye karatasi, na mdomo ukaenda zake. Alimkalisha mhasibu kwenye kiti cha studio. Akamtoa machozi mawili matatu. Akamuaga kijana kwa maneno mazuri sana, maana miaka yote ile ya kusoma vitabu vya watu ilimfundisha kusema kama kitabu. Taa ikamulika, fyatu, na mhasibu akawa nyumbani, sufuria jikoni, mume anauliza chumvi iko wapi.

"Alhamdulillahi!" Mama Pasi alipiga makofi. "Huyo ndiye mwanamke!"

"Chumvi?" Mkasi alitupa chaki mezani. "Kitabu kizima nimelia, halafu chumvi? Mwandishi huyu alichoka, akataka kwenda kulala!"

Walibishana hadi kazi zikasahaulika. Mama alikata uzi kwa meno, akashika shati jingine.

Jioni wengine waliposhuka ngazi, mama hakuinuka. Alikuwa na koti moja la mlinzi bado mapajani.

"Keti," alisema. "Tangu ukiwa mdogo nakusikiliza ukisoma, na karatasi huwa zinalia. Leo mwanamke kafunga safari, kaaga, kalia, kafika nyumbani na kupika. Karatasi haikulia hata mara moja."

Redio alihisi uso unawaka. Alitaka kukana, lakini machozi yalimtangulia.

"Anabaki, mama. Kwenye kitabu anabaki hukohuko. Niliogopa na wewe utaondoka."

"Kwa sababu ya kitabu?"

"Ulisema tumalize kitabu kwanza!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaacha ghafla alipoona mwenzake hacheki.

"Mwanangu, nilitaka muda wa kufikiri, na yule mzee ana haraka kama bado yuko kwenye lori. Huyo mhasibu wako alifuata ujana wake. Mimi ujana nilishautumia, tena na baba yako, na sijutii. Huyu anayeniita ana goti bovu na meno ya kuhesabu. Nikimfuata, narudi wapi nyuma hapo? Naenda mbele. Anayetaka tubaki palepale siku zote ni wewe."

Redio alikitazama kitabu. Alikuwa amewatetea watu wote katika kitabu kile, mume, watoto, hadi sufuria, na kumbe alikuwa akijitetea mwenyewe.

"Kesho utawasomea wenzako mwisho wa kweli," mama alisema. "Umewadhulumu, hasa Mkasi. Leo nisomee mimi kwanza."

Redio akafungua kitabu pale alipodanganya. Alisoma polepole, sauti ikikwaruza, na mama akashona. Mhasibu alikuwa ameshika kamera mkononi, kidole kwenye kifuniko, wakati uzi wa mama ulipokwisha. Redio, bila hata kufikiri, alinyoosha mkono kuichukua sindano.

"Soma tu," mama alisema.

Akaingiza mkono kwenye mkoba wake. Akatoa miwani, ile ya kwanza kabisa aliyonunuliwa, imefungwa kitambaa safi, haina hata mkwaruzo. Akaivaa. Akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu mara moja tu, na kuuvuta.

Redio alikishusha kitabu.

"Si inakubana pua?"

"Haijawahi kunibana." Mama alifunga fundo mwisho wa uzi. "Baba yako alipotutoka ulikuwa huinuki kitandani. Nikaona ukiwa na kitu cha kunifanyia asubuhi, utaamka. Na kweli ukaamka. Baadaye nikashindwa kukunyang'anya."

Nje wenye duka la rangi walikuwa wakishusha milango. Redio aliziangalia zile sindano nyingine, alizozitilia uzi asubuhi kama asubuhi zote, zimesimama kwenye ule mto mdogo kwa mpangilio wake. Alilia sana, na mama alimwacha alie, huku akishona kifungo cha mwisho cha koti la mlinzi.

Alipokimaliza, mama akamtazama juu ya miwani.

"Funua ukurasa, mwanangu," alisema. "Nakusikiliza."