Kipande cha Shati la Elwood

Elwood Zerbe alikuwa mtu pekee katika milima yetu ya Pennsylvania aliyewinda kulungu kwa bunduki ya marisau, huku raifoli yake, nzuri kuliko zote kambini, ikishika vumbi kwenye misumari juu ya mlango. Raifoli hupeleka risasi kutoka kilima hadi kilima. Ile ya marisau, hata ukiitia donge moja nene la risasi ya kulungu badala ya chembechembe za kuulia ndege, ukivuka hatua mia moja umeshaanza kubahatisha. Huko karibu na miji mikubwa, ambako nyumba zimebanana, sheria inawalazimisha watu kuitumia. Elwood hakulazimishwa na mtu.

"We Elwood, bata wako walisharuka kusini, umechelewa!" Ndivyo Stanley Bower alivyomsalimu kila msimu, na sote tukacheka kama tunaisikia mara ya kwanza.

"Raifoli inanipiga bega," Elwood alijibu.

Uongo mtupu. Ile ya marisau ndiyo inayorudi nyuma kama teke la punda, na hapakuwa na mtu mezani asiyejua.

Alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka arobaini, akaacha huko vidole viwili. Hakuwa msemaji. Alikuja kambini na chupa ya mayai ya siki aliyoyatengeneza mwenyewe, akaosha vyombo bila kuombwa, akalala akiuelekea ukuta. Mimi nilikuwa rafiki yake tangu shule. Lori lilikuwa langu, na yeye alikaa pembeni yangu kila Novemba. Kila Novemba, tukifika kwenye kona inayoonyesha mgongo wa kilima, aliniuliza lile lile.

"Lamar, ile risasi ilikwenda wapi?"

"Ardhini, Elwood. Ingekwenda wapi?"

Kambini kwetu, kama kambi zote za bonde letu, anayempigia kulungu risasi akamkosa hukatwa pindo la nyuma la shati. Kipande huandikwa jina na tarehe kwa wino, kikapigiliwa msumari ukutani, na hakiondolewi. Tarehe 30 Novemba 1964, siku ya kwanza ya msimu, Elwood alimpigia risasi kulungu dume aliyesimama juu kabisa ya mgongo wa kilima, nyuma yake mbingu tupu. Mtoto mdogo anafundishwa asipige hivyo. Lakini zile pembe! Alimkosa. Mkasi niliushika mimi, na wino niliuandika mimi, kwa mbwembwe zote.

Saa tisa alasiri tukaletewa habari. Amos Kessinger, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa kilima, alikutwa amelala malishoni, ng'ombe wake wamemzunguka. Risasi ilikuwa imempita mwilini na kupotelea kwenye theluji. Bondeni mna kambi kumi na moja, na asubuhi ile milima ilikuwa imerindima kama mahindi ya bisi. Askari walikuja wakauliza, nani hapa alipiga kuelekea mgongo wa kilima? Tulinyamaza wote. Kipande cha shati kilikuwa ukutani, juu tu ya kofia ya askari, wino haujakauka.

Mwaka uliofuata Elwood akaja na bunduki ya marisau.

Basi miaka ikaenda, ishirini na miwili. Binti yangu Ardith akaolewa na Roy Kessinger, mtoto wa Amos, aliyekuwa na miaka sita baba yake alipouawa. Kijana mpole, kazi yake kupeleka mitungi ya gesi makambini. Mama yake hakuruhusu bunduki nyumbani. Roy alipoomba kuwinda nasi, sikuwa na sababu ya kumkatalia mkwe wangu. Niseme kweli, sababu nilikuwa nayo.

Jumapili mchana, kesho yake msimu unafunguliwa, tulikuwa tunakula maharagwe na nyama ya nguruwe. Roy akauliza, "Sasa wazee, mimi nichukue ipi? Raifoli au ya marisau?"

"Raifoli, unauliza?" Stanley alisema, mdomo umejaa. "Tena huna haja ya kununua. Ile pale juu ya mlango inaozea bure. Elwood, muazime kijana!"

"Muazime, Elwood, wewe endelea na bata wako," mwingine akadakia.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Elwood aliweka kijiko chini, uso umempauka. Nilimwona akimtazama yule kijana, halafu bunduki, halafu kijana tena. Kumpa mtoto mkononi kitu ambacho huenda ndicho kilichomuua baba yake, na kumwacha atoke nacho akitabasamu, lilikuwa jambo lisilowezekana. Kumnyima bila kusema kwa nini, nalo hakuliweza; kimya kile alikuwa amekichoka.

Alipanda juu ya kiti, akaishusha raifoli. Akauendea ukuta, akaung'oa msumari wa kile kipande cha shati kwa ile mikono yake yenye vidole pungufu. Akaviweka vyote viwili mbele ya Roy.

"Soma," alisema.

Roy alisoma tarehe.

"Nilipiga kuelekea mgongoni. Sijui ilikwenda wapi. Sijui, mwanangu. Naamka sijui, nalala sijui."

Stanley akaacha kutafuna. Roy alikilaza kile kitambaa vizuri kwa kiganja, akakinyoosha mikunjo.

"Nilikiona nilipoingia, mzee," alisema. "Mimi nikileta gesi nasoma kuta. Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba. Kambi kumi na moja zote nimezimaliza, na vipande vya tarehe hii viko saba. Hiki ni cha saba. Nilitaka mtu mmoja wa kumchukia. Saba wananishinda." Akaisukuma raifoli pembeni taratibu. "Niazime hiyo ya marisau, kama una nyingine."

Elwood alilia mbele ya watu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Mimi niliangalia sahani yangu.

Kwa sababu vilitakiwa kuwa vinane. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama hatua mia mbili chini ya Elwood, na dume lile lile nililipigia risasi pia, risasi zetu zikapishana kwa pumzi moja. Nililikosa. Nilikuwa nimevaa shati jekundu la sufu, jipya, alilonishonea mke wangu Verna, na sikutaka likatwe. Ndiyo hiyo tu sababu, shati. Ganda la risasi nililitupa chooni, nikapanda kumcheka Elwood na mkasi mkononi. Alasiri habari ya Amos ilipofika, shati halikuwa tena shati.

Elwood aliishi miaka minane zaidi. Hakuacha kuniuliza pale konani, na mimi sikuacha kujibu, "Ardhini." Nilifungua mdomo mara nyingi, nikaishia kukohoa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichomla Elwood kilikuwa mimi, tena nimeketi naye lori moja. Alikufa Machi, kwa mapafu, na jeneza lake nililibeba mbele kushoto.

Novemba hiyo nilipanda kambini peke yangu, siku moja kabla ya wenzangu. Shati jekundu Verna alikuwa amelitunza sandukuni, limeliwa na nondo kidogo. Nilikata pindo la nyuma, nikaandika Lamar Hostetter, 30 Novemba 1964, nikakipigilia kipande hicho karibu na cha Elwood, kilichokuwa kimerudishwa ukutani.

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu Roy alipoingia na mtungi wa gesi begani. Alisoma. Akautua mtungi chini.

"Nane," alisema.

"Nane, mwanangu."

"Mzee Elwood alijua?"

"Hapana."

Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane.

"Mimi ungeniacha tu, baba, nilishazoea kutojua," alisema. "Lakini yeye ungemwambia. Mngekuwa wawili."

Akauinua mtungi wake, akaenda jikoni kuufunga.