Jogoo Aliyelelewa Jikoni

Sokoni Kakamega hapakuwa na mtu wa kumdanganya Roda Kageha kuhusu kuku. Ukimletea kuku aliyelishwa mchanga ili apate uzito, alimgusa shingo mara moja tu na kukurudishia bila neno. Ukimletea mgonjwa aliyepanguswa mdomo kwa kitambaa, alikuuliza hali ya watoto wako, kisha akakuuliza hao kuku wengine walikufa lini. Biashara hiyo aliianza akiwa mjane mwenye kuku wawili wa kuazima. Kufikia mwaka wa tisini na sita alikuwa na nyumba ya mabati pale Shieywe, ua mpana wenye fito nzuri, na wateja waliompita kila mchuuzi ili wafike kwake.

Alichopungukiwa ni watu. Willis, mwanawe wa pekee, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, trela la miwa lilipompindukia. Aliacha mke, Gentrix, na mtoto wa kiume, Griffin. Gentrix alipata kazi ya upishi katika shule ya bweni upande wa Lugari, si mbali na kwao, lakini katika chumba alichopewa alilala na mpishi mwenzake. Mama yake Gentrix akasema mtoto aletwe kwake. Roda akasema mtoto ni wa boma la Willis. Walivutana tangu chai ya asubuhi hadi jua likageuka, na Roda akashinda kama alivyozoea kushinda: mtoto abaki Shieywe, mama yake awe anakuja kumwona kila mwisho wa mwezi, na siku atakapoona halelewi vizuri amchukue bila kesi. Sharti hilo la mwisho Roda alilikubali upesi, kwa sababu alijua siku hiyo haitafika.

Sasa, kulikuwa na jogoo. Mwewe alikuwa amembeba mama yake na vifaranga wenzake, akabaki mmoja anayelia majanini. Roda alimtia kwenye katoni kando ya jiko, akamlisha ugali kutoka kiganjani, na usiku wa baridi alimfunika kwa sweta kuukuu. Naye ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba jogoo aliyekulia mkononi asipelekwe penye watoto, kwa sababu hana hofu ya mtu, anamwona binadamu kama jogoo mwenzake. Lakini huyu alikua akawa mwekundu, mzito, kifua kama cha bondia. Wanawake walimletea matetea wao kutoka hadi Amalemba. Mwewe walibadilisha njia. Chrispinus, mnunuzi kutoka Matete, alimwomba mara kadhaa, na kila mara Roda alipandisha bei kidogo, kwa raha tu ya kumsikia akishusha pumzi.

Griffin alikuwa hajatimiza miaka mitatu jogoo alipomrukia mgongoni kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa na tonge la ugali mkononi, akakimbia, akaanguka, na jogoo akampanda na kumchana shingo. Dorothy, jirani wa upande wa chini, ndiye aliyefika kwanza na kumtoa.

"Huyu akishaonja mgongo wa mtoto hataacha," Dorothy akamwambia. "Kama sufuria yako imetoboka, yangu iko."

Roda akamjibu kwamba jogoo hurekebishwa, na kweli akaanza kumrekebisha. Alimchomeka kiazi kitamu cha moto kwenye kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, hadi gamba likalegea akalinyonga likatoka. Alimbeba kwapani asubuhi nzima akifanya kazi, amemwinamisha kichwa, matetea wakitazama. Alimfunika kwa tenga wakati wa Griffin kula. Sweta nyekundu ya mtoto akaigawa, isimchokoze jogoo. Baada ya majuma machache jogoo alikuwa mpole kama kondoo, mradi Roda yuko. Akiingia jikoni tu, utasikia mbawa, kisha mtoto. Jogoo alikuwa amejifunza jambo moja: kumwogopa Roda. Dorothy alimwuliza kama huyo jogoo ndiye aliyemwoa siku hizi, maana mwenye boma ni yeye. Roda alicheka.

Ndipo akaona kwamba amekuwa akimfundisha mwanafunzi asiye na akili, na mwenye akili yuko. Akamgeukia mtoto.

Alimsimamisha katikati ya ua, jogoo akiwa kwapani mwake. Usikimbie. Usimtazame machoni. Mikono chini. Simama hapo mpaka nyanya aje. Kisha anamwachilia jogoo. Griffin akikimbia, anarudishwa pale pale, wanaanza tena. Hakumchapa hata siku moja, na hilo alilisema kwa watu baadaye. Ilikuwa elimu nzuri pia, kwa sababu jogoo humfuata anayekimbia. Mwishowe mtoto alisimama. Jogoo alimzunguka akiburuta bawa, akamzunguka tena, akakosa wa kupigana naye, akaenda zake.

Roda alimwita Dorothy aje kuona. Dorothy aliona, akasema amesahau mboga motoni.

Tangu hapo Griffin hakupata hata mkwaruzo. Akawa mtoto mtulivu. Watoto wa jirani walimwita kwenye mpira wa makaratasi, akabaki kizingitini. Alianza kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha, na Roda akasema ni baridi ya Julai. Wateja walimsifia mjukuu mwenye adabu ya kizee, naye Roda akawa anazipokea sifa hizo kama mtu anayepokea chenji yake.

Gentrix alikuwa hajaja tangu mvua za masika. Mpishi mwenzake aliugua, shule haikumpa ruhusa. Alikuja Jumamosi moja mchana bila taarifa. Jogoo alikuwa ndani ya tenga. Griffin alikuwa uani peke yake.

Gentrix alimwita kutoka langoni kwa jina, akachuchumaa na kufungua mikono.

Mtoto alimwona. Akashusha mikono yake ubavuni, akatazama chini, akasimama.

Gentrix alimwita tena, akicheka, akidhani amemsahau. Akainuka akamkimbilia. Vishindo vilipokaribia, Griffin alifumba macho, na mkojo ukamtiririka miguuni. Hakusogea hata kidogo.

Roda alitoka jikoni akifuta mikono. Alipoulizwa mtoto ana nini, alieleza yote, tangu kiazi cha moto hadi masomo ya uani, na katika maelezo yake kulikuwa na fahari kidogo, kwa kuwa alidhani anaeleza kazi iliyofanikiwa. Gentrix alisikiliza akimvua mtoto kaptura iliyolowa. Kisha akaingia ndani akaanza kukusanya nguo.

Roda akaelewa. Alibandika maji, akatwaa kisu, akamtoa jogoo kwenye tenga.

"Namchinja sasa hivi, ukiona mwenyewe," alisema. "Firigisi ni ya Griffin. Ndiye mwanaume wa boma hili."

"Mama, ungemchinja siku ile alipomrukia mgongoni."

Roda akaongeza. Januari mtoto ataenda nasari hapo karibu. Ataajiri msichana wa kumwangalia. Nauli ya Gentrix atalipa yeye, aje kila wiki akitaka. Alikuwa akipandisha kidogo kidogo, akimtazama uso, akingoja ile dalili ambayo kila mnunuzi huitoa mwishowe. Gentrix alikuwa anafunga leso.

"Sema basi wewe unataka nini."

"Mama, mimi sikuja sokoni."

"Mtazame kila mahali," Roda akasema. "Hana hata kovu jipya."

"Ndiyo. Ngozi umenirudishia nzima."

Walikuwa wamekubaliana bila kesi, na kesi haikuwepo. Gentrix aliaga kwa heshima, kama mkwe anavyomuaga mama mkwe, akashuka njia ya udongo mtoto akiwa mgongoni. Roda aliwasindikiza hadi langoni tu, kwa sababu jogoo alikuwa bado kwapani.

Kwenye tambarare Gentrix alimshusha mtoto akaze leso, kisha akatangulia. Griffin alibaki nyuma amesimama. Aligeuka akatazama lango. Halafu akaanza kukimbia, kwanza kiupandeupande kama anayejifunza, kisha kwa kasi, visigino vikirusha vumbi, akampita mama yake na kuendelea mbele. Roda aliwatazama mpaka kona ya miwa ikawameza.

Dorothy alikuwa amesimama kwenye ua wake. Hakumcheka. Alisema tu kwamba maji yanafurika jikoni, amchinje basi yaishe.

Roda alimtazama jogoo, kifua chake, miguu yake minene. Mtoto wa kudhuriwa hakuwepo tena, na matetea wa Amalemba wangeletwa Jumatatu.

"Nimchinjie nani?" akasema.

Akamwachilia, akaingia jikoni, na yale maji akayaoshea vyombo.