Darubini ya Ambakisye

Kila tulipokaa kula nyuma ya kiwanda cha mbao pale Mafinga, Ambakisye alikuwa akimwaga chai yangu. Kikombe kikiwekwa kushoto kwake, lazima akigonge. Nilimlaumu kwa uzembe, naye akasema ni mimi niliyekiweka vibaya kwa sababu ya pombe ya ulanzi niliyokunywa jana. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, mke na watoto wake wakiishi mtaa wa Soweto mjini humo, na mimi Mhehe wa Kilolo, basi utani haukuisha.

Siku moja niliacha kucheka, nikamtazama vizuri, nikamuuliza, naye akakiri. Kibanzi kilichoruka kwenye msumeno zamani kilikuwa kimelizima jicho lake la kushoto, ingawa kwa nje lilionekana zima.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nani atanipa kazi kwenye msumeno?"

Sikumwambia mtu.

Kisha redio ikatangaza kwamba majeshi ya Uganda yameingia Kagera, na sisi tuliopitia mgambo tukaitwa. Nilijua daktari atamrudisha Ambakisye nyumbani, na kusema kweli nilifurahi. Lakini foleni ilikuwa ndefu na daktari amechoka. Ambakisye aliambiwa azibe jicho moja asome herufi, halafu azibe la pili. Aliziba la kushoto kwa mkono wa kushoto, kisha akaliziba lilelile kwa mkono wa kulia. Akapita. Nilimfuata nje nikamuuliza kama ana wazimu.

"Nirudi Soweto nikaseme nini, Mhehe? Kwamba nimekataliwa kama ng'ombe mgonjwa mnadani?"

Mazoezi tuliyafanyia Iringa. Katika kikosi chetu sisi wawili ndio tuliokuwa na shabaha kuliko wengine, na bunduki yenye darubini ilikuwa moja tu. Mwalimu alituita pembeni akatuambia tuchague wenyewe nani aichukue, na nani abaki na ile ya kawaida ya kulenga kwa kijiti cha mbele. Atakayechukua darubini, alisema, atakaa nyuma kidogo na atapewa mtu wa kumlinda, maana anayechungulia haoni pembeni.

Niliijaribu. Mti wa mbali ulikuja karibu hadi nikaona utomvu kwenye gamba. Ila dunia nyingine yote ilipotea, na hata pumzi yangu iliufanya ule mti ucheze. Sikuipenda. Kwetu Kilolo tukiwinda nguruwe wanaokula mahindi tunatembea kwa mstari, na anayefumba jicho moja anatolewa mstarini, kwa sababu hajui tena mwenzake yuko wapi. Kwa bunduki ya kawaida nililenga macho yote mawili yakiwa wazi, kama nilivyofundishwa na baba.

Hata hivyo, hiyo haikuwa sababu kubwa. Kwenye mstari wa mbele Ambakisye angeuawa siku ya kwanza. Nyuma ya darubini hakuna atakayegundua kwamba jicho lake moja halifanyi kazi.

"Mpe yeye darubini," nilimwambia mwalimu. "Mimi nitalala kushoto kwake."

Mwalimu alikubali bila kuuliza. Ambakisye aliikumbatia ile bunduki, akaniambia nimezidi kuwa mke wake wa pili. Nilimtukana kidogo, na moyo wangu ukatulia.

Nilikaa kushoto kwake tulipovuka mto Kagera, tukalala kwenye migomba iliyomkumbusha kwao, na kila alipochungulia mimi nilitazama pembeni. Tulizoea hivyo.

Asubuhi moja tulikuwa nyuma ya kichuguu. Yeye alikuwa akiiangalia barabara. Kamanda akanijia kwa kutambaa.

"Wewe, kuna majeruhi. Mbebe umshushe."

Niliogopa. Amri ni amri.

Askari mwingine akalala mahali pangu.

"Mtazamie kushoto," nilimwambia.

"Kwa nini kushoto?"

"We mtazamie tu."

Nilikuwa bado na majeruhi mgongoni niliposikia milio ya risasi. Ilitoka kushoto.

Yule askari naye alikufa, kwa hiyo sina wa kumlaumu, wala simlaumu. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi. Ningempa bunduki ya kawaida, angekufa mapema zaidi. Ningemsema kwa daktari, angekuwa hai, na huenda asingenisalimu tena. Sasa naona ningeweza kuishi bila salamu yake.

Vita vilipokwisha nilipanda basi kwenda Soweto. Mkewe, mama Lusajo, alinipokea vizuri, akanisikiliza hadi mwisho. Nikaona ana haki ya kujua, nikamwambia habari ya jicho.

"Shemeji," alisema, "kwani ulidhani sijui? Mimi nilikuwa natembea kushoto kwake. Sokoni, kanisani, kila mahali. Hakuniambia, na mimi sikutaka ajue kwamba najua."

Alijifuta macho kwa khanga.

"Siku aliyoondoka nilimsindikiza mpaka stendi. Nilimwomba Mungu ampatie mtu wa upande ule. Kumbe alimpata."

Nilishindwa kumwangalia usoni.