Dakika Nne za Wopke

Simpendi Wopke Hylkema, na sina haja ya kujifanya. Ni shemeji yangu, alimwoa marehemu dada yangu Jeltsje. Miaka thelathini na minane alipima maziwa katika kiwanda cha jibini cha mji wetu hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na siku aliyostaafu akahamia angani. Darubini yake ikachukua banda zima la baiskeli, baiskeli ya dada yangu ikalala nje mvuani mpaka ikaota kutu.

Jikoni kwao palikuwa na saa ya ukutani isiyofuata saa ya mtu yeyote. Watazama nyota wana saa yao moja kwa dunia nzima, haibadiliki kiangazi wala baridi, na wakati wa kiangazi iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Umealikwa chakula saa kumi na mbili jioni, unafika, ukuta unakwambia saa kumi.

"Mumeo ana wazimu," nilimwambia Jeltsje.

"Ana saa," alinijibu, akanimiminia kahawa.

Jeltsje alipokuwa anakata roho hospitalini, Wopke alichelewa. Yeye anasema ni foleni barabarani. Mimi nasema ni ile saa, na hakuna atakayenibadilisha.

Sasa redio. Redio ya mji wetu ni chumba kimoja juu ya maktaba, wote tunajitolea, na mimi ndiye fundi mitambo. Wopke alikuwa na kipindi cha habari za anga kila Jumamosi saa mbili asubuhi: roketi gani imeruka, chombo gani kimetua mwezini kikaangukia ubavu, sayari ipi itaonekana juu ya mnara wa kanisa. Alianza na dakika kumi na tano. Watu wakalalamika kwamba anaongea kama mtu anayesoma karatasi ya dawa, na mwenyekiti wetu, Bibi Ytsma, akampunguzia hadi dakika nne. Akamwambia mbele yangu, "Malalamiko yakija tena, Bwana Hylkema, kipindi ndiyo basi."

Wopke hakuwa na kingine. Mtoto hana, mke hana. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa ananyoa ndevu. Nilijua yote hayo na nilifurahi.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa mama yangu mzazi, miaka tisini na mmoja, katika nyumba ya wazee. Ikifika saa mbili anawanyamazisha wenzake wote mezani: "Nyamazeni, mkwe wangu anaongea." Nikienda kumwona adhuhuri ananisimulia, mimi, maneno niliyoyarusha hewani kwa mikono yangu. Muulize kama amewahi kunisifu kwa lolote.

Basi ikafika Jumamosi moja ya Juni ambayo mwezi ungepita mbele ya jua na kulimega karibu nusu. Redio ilikuwa imegawa miwani ya karatasi mji mzima. Wopke kwa kawaida huandika upya kila kitu kwa saa yetu, kwa wino mwekundu. Safari hii, kwa kubana maneno yatoshe dakika nne, alikuwa amekata maneno na kuandika mengine juu yake hadi karatasi haisomeki. Akaisukuma pembeni, akafungua daftari lake la kutazamia nyota.

"Kilele, wasikilizaji, ni saa nne na robo. Msichelewe."

Nilishtuka. Kilele kilikuwa saa sita na robo, hata gazeti liliandika, ingawa nani siku hizi anasoma gazeti. Nina kitufe cha kumsemesha masikioni. Miaka saba nimekitumia kwa kila kikohozi chake: sogea, shemeji, usipumue kwenye kipaza sauti, shemeji. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa.

Saa nne na robo mji mzima ulikuwa barabarani na miwani usoni, na jua liko zima juu yao. Simu ikaanza.

"Yuko wapi huyo profesa wenu?"

"Nimefunga duka nije kutazama jua la kila siku?"

Bibi Ytsma alimpigia Wopke nyumbani, akamkuta anafunga lenzi kwenye darubini, akamwambia kipindi kimekufa. Mimi sikutangaza marekebisho yoyote. Hakuna aliyeniuliza.

Saa sita nikaenda kwa mama. Mhudumu alinipokea mlangoni amenuna. "Mama yako amekataa kuingia ndani tangu saa nne. Wenzake wote wamerudi, yeye kang'ang'ania."

Nilimkuta uani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mabegani, pua nyekundu kwa upepo, miwani ya karatasi usoni.

"Mama, twende ndani. Wopke alikosea saa. Wamemfukuza."

"Nyamaza. Linamegwa tangu wewe uko njiani."

Nikamwomba miwani na mimi nitazame. Hakunipa.

"Alisema saa nne na robo," akasema, uso bado juu. "Nikakaa hapa, nikaona hakuna kitu. Nikakumbuka saa ya jikoni kwa Jeltsje, nikaongeza mbili. Mimi kikongwe nimejua. Wewe uliyekaa naye meza moja, Baukje, hukujua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, au angejifanya.

"Nilijua."

Akavua miwani, akanitazama mimi badala ya jua.

"Alimwacha Jeltsje afe peke yake, mama."

"Jeltsje hakufa peke yake. Wewe ulikuwepo." Akavuta blanketi. "Yule ndiye amebaki peke yake. Jumamosi ijayo mwambie aje. Wewe kaa kwako."

Sikumwambia. Mama alimpigia mwenyewe.

Nimekwenda Jumamosi mbili tangu hapo, kwa ubishi tu, maana ni mama yangu na hakuna wa kunizuia. Mara zote mbili mhudumu ameniweka kwenye benchi la korido: mama ana mgeni, subiri kidogo. Mlango hufungwa, lakini sauti ya Wopke inapita. Amepiga saa nzima na ushee na bado anasoma habari zake za anga, na wazee wote wamekaa humo ndani wanamsikiliza.