Unga wa Ulezi Melini

Dada yangu alipolipiwa safari ya meli ya kitalii na mwanawe anayeishi Ulaya, alinifuata mimi nimsaidie kuchagua meli. Wivu ulinikaba. Tangu utotoni mimi ndiye niliyesema nitasafiri. Yeye hakuwahi kutamani kufika mbali zaidi ya Muze, kijiji cha hapo bondeni tu.

Tulikaa kwake Chanji tukasoma matangazo kwenye simu yangu. Meli kubwa aliikataa papo hapo, kwa sababu kila bandari wageni humfuata kiongozi mwenye kibendera.

"Mdogo wangu, mimi si ng'ombe wa kuswagwa," alisema.

Akachagua ndogo, inayokaa bandarini siku mbili na kukuacha uzurure utakavyo. Ndiyo hiyo hiyo ningeichagua mimi, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha akaniuliza abebe unga kiasi gani. Sisi tumezoea meli ya Ziwa Tanganyika, ambako msafiri mwenye akili hujibebea chakula chake. Nilikuwa nimeshasoma kwamba chakula kimo ndani ya nauli. Nikamwambia abebe kilo tano za ulezi, na mashineni nikaenda kumsagishia mwenyewe. Nilitaka achekwe, angalau mara moja.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Amesimama jikoni mwa meli anasonga ugali, wapishi wawili wamemzunguka na sahani mkononi. Chini ameandika: "Wameupenda. Asante kwa kunikumbusha unga."

Nikaikuza picha niitazame vizuri. Hata mwiko ulikuwa wangu, ule niliokuwa nikiutafuta tangu aondoke.