Paja la Bahati la Ndaki

Wanaume wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wanapanga foleni kila asubuhi kumshika paja mdogo wangu Ndaki.

Nisikilizeni kwanza, ndipo mcheke.

Tangu utotoni Ndaki alikuwa na madoa ya kahawia na vinundu laini mwilini. Kijijini walimtania mpaka akaacha shule.

Alipofika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mambo yakageuka. Siku ya kwanza tu kushuka kwenye duara, yaani shimo la bosi wake Thobias, dhahabu ikatoka. Thobias akatangaza kwamba vinundu vile ni bahati.

Basi, ikawa hakuna mchimbaji anayeingia shimoni bila kumgusa.

Walichokipenda zaidi ni kinundu cha pajani, maana kilikuwa kinakua. Kadiri kilivyovimba ndivyo walivyochekelea.

Mimi nilikuwa mpishi palepale machimboni. Nilimwona anavyochechemea.

"Ndaki, twende hospitali kikatwe."

"Dada Asteria, kinauma, sikufichi. Ila kikikatwa, hapa nitakuwa nani?"

"Utakuwa mdogo wangu, mzima."

Akatabasamu. "Dada, lini mtu aliwahi kunigusa kwa kupenda?"

Roho iliniuma sana.

Thobias naye akanifuata jikoni. "Dada, usituharibie kazi. Bahati haipasuliwi."

Mguu ulipokufa ganzi ndipo Ndaki akakubali kwenda Mwanza.

Daktari alituambia taratibu. Ni saratani ya utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ni adimu, na inakwenda mbio. Imeshafika kwenye mapafu.

"Mngekuja kilipoanza kuuma," akasema, kisha akafunga faili.

Tulimzika nyumbani, mvua ikinyesha. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Thobias alikuja msibani na vijana wake wote. Alilia machozi ya kweli, nisimsingizie. Alipokuwa ananipa pole, kanga ikateleza shingoni mwangu.

Akakodoa macho.

"Dada, kumbe na wewe unavyo vinundu?"

Ninavyo. Ni vya ukoo wetu.

Akanyoosha mkono. Jamani, hata kaburi halijakauka!

Nikamdaka mkono. "Hiki kimeanza kukua, Thobias, na kinauma. Usikiguse. Nipeleke Mwanza."

Aliurudisha mkono wake. Kisha akaenda kuwasha gari.

Ndugu zangu, kinundu kikianza kukua na kuuma, wahi hospitali, hata kama watu wanakusifia.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali Mwanza, nasubiri kuitwa. Thobias amekaa pembeni yangu, mikono ameikunja kifuani.